Kujifunza Kusikiliza: Igizo katika Mafunzo ya Ustawi wa Jamii

Mwanafunzi wa udaktari hujifunza kwa mgonjwa. Je, yule wa ustawi wa jamii? Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1973, huwapeleka wanafunzi kazini chini ya wasimamizi. Kabla ya hapo, igizo lafaa. Tuseme mtoto wa Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, ameacha shule ili aanike dagaa. Mwanafunzi mmoja huwa mama, mwingine afisa; wengine hutazama. Afisa akianza kwa lawama, mama hunyamaza, na sababu ya utoro hubaki imefichika. Kisha hubadilishana nafasi, mlaumu akaonja lawama. Kosa la darasani husahihishwa. La kijijini humgharimu mtoto. Ndugu mwalimu, lijaribu darasani kwako.