Kukodi Nyumba ya Familia Watamu: Uliza Maji Kabla ya Kulipa

Ukimuuliza mkaazi wa Ganze, Kaloleni au Mariakani alilala wapi mara ya mwisho alipokwenda Watamu, huenda akakuambia hakulala. Alirudi jioni ile ile. Kwa wengi wetu ufuo wa kaunti hii umekuwa mahali pa kazi au mahali pa kuwapeleka wageni, si mahali pa kupumzika na watoto. Sababu kubwa ni gharama. Familia ya watoto wanne na nyanya yao haitoshi katika chumba kimoja cha hoteli, na vyumba vitatu kwa siku tatu ni karo ya muhula.

Nyumba ya kukodi hubadilisha hesabu hiyo. Hulipwi kwa kichwa bali kwa nyumba nzima kwa usiku mmoja, jikoni lipo, na familia mbili zikichanga mzigo hugawika. Hata hivyo, wako wanaofika wakakuta nyumba haipo, na wako wanaofika wakakuta nyumba ipo lakini bahari imekwenda. Makala haya yanaeleza namna ya kuepuka yote mawili.

Chagua tarehe kwanza, nyumba baadaye

Tuanze na bahari, kwa kuwa matangazo ya nyumba hayaitaji. Picha za tangazo hupigwa maji yakiwa yamejaa. Familia hufika Ijumaa usiku, watoto huamka Jumamosi wakiwa na hamu, na saa nne asubuhi wanakuta mchanga mtupu, mawe na vidimbwi, na maji yako mbali. Hakuna aliyewadanganya. Wamekuja siku za bamvua.

Mvuvi wa Mayungu au Uyombo hahitaji kufundishwa haya, lakini aliyekulia bara anastahili kuelezwa. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa karibu saa 24 na dakika 50. Ndiyo maana kila siku nyakati husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Karibu wiki moja baadaye huja maji mafu, ambapo tofauti hiyo hushuka hadi kama mita 1 na bahari haiendi mbali.

Lililo muhimu kwa mwenye watoto ni saa. Katika pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita mchana, kisha hujaa kuanzia saa kumi alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume chake: asubuhi ya kati ndipo maji yanapokuwa juu. Kwa hivyo, kama lengo ni watoto kuoga baharini asubuhi jua halijawa kali, tafuta tarehe zilizo karibu wiki moja baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Kama lengo ni kutembea kwenye mwamba, kuona samaki wadogo katika vidimbwi na kuvuka hadi kwenye mafungu ya mchanga yanayochomoza katika ghuba ya Watamu, basi bamvua ndiyo siku yako. Kuoga kutasubiri alasiri.

Huhitaji kuwa nahodha kulijua hili. Kalenda yoyote inayoonyesha mwezi inatosha kukupa picha, na jedwali la maji la Kilindini linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya (KPA) hutaja saa na dakika; Watamu hupishana nalo kidogo tu. Wanaofunga Ramadhani huufuata mwezi kwa hesabu hii hii, kwa hivyo jirani wa kumuuliza hakosekani.

Upepo nao una neno lake. Kaskazi, inayovuma takriban Disemba hadi Machi, huja na joto na bahari tulivu zaidi. Kusi, ya katikati ya mwaka, huleta mawimbi nje ya mwamba na hewa ya kupendeza usiku. Mei na Juni mvua ya masika inaponyesha, nyumba nyingi hukaa tupu na wenye nyumba husikiliza wanaoomba wapunguziwe. Anayefikiria kukodi Malindi badala ya Watamu ajue pia habari ya mto Sabaki: baada ya mvua za vuli mto huleta udongo mwingi baharini, na kaskazi huusukuma kuelekea mji wa Malindi, maji yakawa ya rangi ya kahawia. Si uchafu, ni udongo wa bara. Lakini mtoto aliyeahidiwa maji ya samawati hataelewa.

Nyumba ipo kweli?

Ukishajua tarehe, ndipo utafute nyumba. Hapa ndipo pesa hupotea. Mtindo wa matapeli ni mmoja: wanachukua picha za nyumba ya mtu mwingine, wanatangaza bei iliyo chini kidogo kuliko ya wenzao, na msimu wa Krismasi au Pasaka wanakuambia kuna familia nyingine inayoitaka, tuma nusu sasa hivi. Haraka hiyo ndiyo dalili ya kwanza.

Sisi wakaazi tuna nafasi ambayo mgeni wa Nairobi hana: tunaweza kwenda, au kumtuma mtu. Bila shaka unaye ndugu, mwalimu uliyesoma naye au mwendesha bodaboda unayemjua karibu na Gede. Mtume akaone lango, aongee na mlinzi, aulize jina la mwenye nyumba na kama tarehe zako zipo wazi. Gharama ya safari hiyo ni ndogo kuliko amana utakayopoteza. Ikiwa hakuna wa kutuma, omba simu ya video kutoka ndani ya nyumba, anayekuonyesha aanze langoni, apite sebuleni, atoke hadi unapoonekana ufuo. Mwenye nyumba halisi hachoshwi na ombi hilo.

Unapolipa kwa M-Pesa, soma jina linalojitokeza kabla ya kukubali. Kama uliambiwa mwenye nyumba ni mama fulani na jina linalotokea ni la kijana mwingine kabisa, simama uulize. Afadhali namba ya malipo ya biashara kuliko namba ya mtu binafsi, na afadhali amana ndogo sasa na salio siku ya kupokea funguo. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu: tarehe, idadi ya watu, bei kwa usiku, kilichomo katika bei, na amana itarudishwaje mkiahirisha safari. Uliza pia kama nyumba ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA), kwa kuwa Sheria ya Utalii ya 2011 inawahusu wanaopangisha wageni. Asiye na leseni si lazima awe tapeli, lakini ukipata tatizo utakuwa na mahali pachache pa kushika.

Ukitapeliwa, usinyamaze kwa aibu. Nenda kituo cha polisi ukiwa na ujumbe wote na namba ya muamala, na uhakikishe umepewa namba ya OB.

Maswali ya ndani

Ya kwanza ni maji ya mfereji. Nyumba nyingi za karibu na bahari hutumia kisima, na maji ya kisima hapo huwa na chumvi. Yanafaa kuogea, hayafai kwa chai. Uliza kama maji ya kunywa yamo katika bei au mtabeba mitungi. Ya pili ni stima: tokeni analipa nani? Wengine hupanga nyumba kwa bei nafuu kisha mgeni akakuta anajaza tokeni kila siku kwa sababu ya viyoyozi. Neti zipo, na hazina matundu? Kidimbwi cha kuogelea kina uzio? Swali hili la mwisho lisipuuzwe na mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano. Kidimbwi kisicho na uzio kinahitaji mtu mzima macho wazi tangu alfajiri mpaka watoto walale, na mtu huyo hatakuwa likizoni.

Nyumba nyingi huja na mpishi na mfanyakazi wa usafi. Uliza kama mshahara wao umo ndani ya bei. Ukiweza, mchukue mpishi hata kama nyumbani wewe ndiye unayepika, kwa sababu yeye ndiye anayejua boti ya nani imeingia na changu au kolekole, na bei ya haki ni ipi.

Kisha njia. Nyumba ya mstari wa pili, iliyo nyuma ya zile zinazotazama bahari, huwa nafuu, na kwa maoni yetu ndiyo inayofaa familia nyingi. Sharti moja tu: iwe na njia ya kufika ufuoni bila kuzunguka kilomita nzima. Jua pia kwamba ufuo wenyewe si wa hoteli wala wa nyumba yoyote. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mlinzi anaweza kukuzuia kupita katika ua wa mwajiri wake. Hawezi kukufukuza kwenye mchanga unaofunikwa na maji.

Baharini na nje ya bahari

Hifadhi ya bahari ya Watamu ilitangazwa 1968 pamoja na ile ya Malindi, na ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Kuingia hulipiwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kupitia eCitizen, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hivyo beba kitambulisho. Plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi tangu Juni 2020. Chukua maji katika chupa za kudumu. Makombe na matumbawe yaachwe yalipo. Kwenye boti, kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha kabla ya injini kuwashwa. Nahodha akisema ni safari fupi, shuka.

Mahali pa kuogopa zaidi si mawimbi bali mlango wa hori ya Mida. Maji yote ya hori hutoka na kuingia kupitia hapo, na bamvua inapopwa mkondo humvuta hata mtu mzima anayejua kuogelea. Watoto wasioge pale.

Hori yenyewe lakini ni ya kuzuriwa. Dabaso kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, na kuanzia karibu Oktoba hadi Machi ndege wa kutoka mbali hujaa kwenye matope maji yanapopwa. Nenda alasiri, ukae hadi jua lichwe.

Magofu ya Gede yako kilomita chache kutoka Watamu, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi. Mji huu wa Waswahili uliachwa katika karne ya 17, na tangu 2024 umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Waonyeshe watoto kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Waonyeshe pia visima na vyoo vya nyumba za mawe, kisha waulize walidhani watu wa wakati ule waliishije. Jirani na hapo upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita 420 za mraba, anamoishi sange wa kiuno cha dhahabu. Kumwona kunahitaji asubuhi na mapema, ukimya, na mwongoza wageni wa pale pale. Watoto wadogo watakosa ukimya, waende Gede.

Usiku mkiona kasa anapanda ufuoni kutaga, zimeni tochi na mkae mbali. Mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inamlinda kasa na mayai yake. Shirika la Local Ocean Conservation la Watamu hufuatilia viota. Mjulisheni mlinzi wa nyumba awapigie asubuhi. Taa za baraza zinazotazama bahari zizimwe mnapokwenda kulala, kwa kuwa vifaranga hufuata mwanga na hupotea njia.

Kwa mkaazi mwenye nyumba

Baadhi yenu mna nyumba ya babu karibu na ufuo na mnafikiria kuipangisha. Mbali na leseni ya TRA, mtahitaji leseni ya biashara ya kaunti. Andikeni majina na namba za vitambulisho vya wageni wanapofika. Na katika tangazo lenu, wekeni picha mbili za ufuo, moja maji yakiwa yamejaa na nyingine yakiwa yamepwa. Mgeni anayejua atakachokuta halalamiki, na mwakani hurudi na dada yake.

Siku ya kuondoka, pitia vyumba pamoja na msimamizi wa nyumba kabla hujakabidhi funguo, mhesabu vyombo na taulo mkiwa wote wawili, na amana irudishwe mkiwa bado mmesimama hapo. Dharura yoyote, baharini au barabarani, piga 999 au 112.