Usikae Bure Ukingoja Tarehe ya Kliniki

Mtoto hutarajiwa kuketi bila kushikiliwa afikapo miezi 9, na kutembea afikapo miezi 18. Wako akichelewa, mpeleke kliniki pamoja na kijitabu chake. Usikubali kuambiwa ni uvivu tu.

Huenda ukapewa tarehe ya kumwona mtaalamu wiki kadhaa mbele. Wiki hizo si za kukaa bure, kwa maana ubongo wa mtoto hukua haraka sana katika miaka 3 ya kwanza. Kabla ya kutoka kliniki, uliza: “Hadi siku hiyo, nifanye nini nyumbani?” Omba uandikiwe mambo 4: mazoezi gani, mara ngapi kwa siku, nani atayafanya ukiwa shambani au kazini, na urudi lini.

Kwa mfano, mtoto asiyeketi anaweza kulazwa kifudifudi mkekani akiwa macho, nawe ukimwangalia. Au mketishe katikati ya miguu yako, umpe kijiko achezee. Zungumza naye, mwimbie. Usimvute viungo kwa nguvu.

Mpango huu ni wa muda. Hauchukui mahali pa uchunguzi kamili, kwa hivyo tarehe uliyopewa usiikose. Mtoto akiacha jambo alilokuwa akiliweza, usingoje tarehe, rudi kliniki upesi. Akipatwa na degedege au akishindwa kunyonya, mkimbize hospitalini mara moja.

Mama, kuchelewa kwa mtoto si aibu. Anza leo.