Huyo Konokono wa Silanga Anaitwa Nani?

Mwambie mtu wa Doldol kwamba unafuatilia habari za konokono, atakuangalia mara mbili. Hapa ni Laikipia Kaskazini, buda. Ni vumbi, mawe, miiba, mbuzi na ng'ombe. Mvua ikikosa, stori ni moja tu: maji yako wapi, nyasi ziko wapi. Sasa konokono anaingilia wapi?

Anaingilia kwa ini. Ng'ombe anachinjwa, mkaguzi wa nyama anakata ini, anapata mirija imekuwa migumu na ndani kuna minyoo bapa kama majani. Ini linatupwa. Lakini hasara ilianza kitambo: mnyama alikuwa anakonda, maziwa yanapungua, na mwenyewe anadhani ni njaa tu ya kiangazi.

Minyoo hiyo, Fasciola gigantica, haitoki kwa ng'ombe mmoja ikaingia kwa mwingine moja kwa moja. Mayai yanatoka na kinyesi, yakifika majini yanaangua, na kile kidudu kinachotoka lazima kimpate konokono. Sio konokono yeyote. Huku Afrika, mwenyeji wake mkuu ni Radix natalensis, konokono mdogo wa maji baridi. Ndani yake kidudu kimoja kinazaa vingi, vinatoka, vinajibandika kwenye nyasi za kando ya maji na kungoja ng'ombe aje kula. Bila konokono huyo, safari inaishia majini.

Siri hii ilifichuliwa mapema miaka ya 1880 na watu wawili waliofanya kazi mbalimbali: A. P. W. Thomas kule Oxford, Uingereza, na Rudolf Leuckart kule Leipzig, Ujerumani. Wao walikuwa wakifuatilia minyoo ya kondoo wa Ulaya, ambayo ni binamu ya hii yetu. Swali lililowasumbua ni lile lile linalotuhusu Doldol: kati ya konokono wote walio kwenye maji haya, mbaya ni yupi?

Hapo ndipo kazi ya kuainisha inapokuwa na maana. Konokono ni moluska, ukoo mmoja na chaza, kome na hata pweza. Ndiyo, pweza yule wa Mombasa ni jamaa ya konokono wa silanga. Spishi za moluska zinazojulikana ni zaidi ya 70,000, na walio wengi hawana ubaya wowote kwako wala kwa mbuzi wako. Mtaalamu akitaka kuwatenganisha anaangalia gamba, anaangalia ulimi wao ambao umejaa vijino vidogo kama tupa, anapasua kuona viungo vya uzazi, na siku hizi anasoma DNA.

Kwa nini asiangalie gamba tu akamaliza? Nenda Unguja upate jibu. Kule kuna konokono wawili, Bulinus globosus na Bulinus nasutus, ambao kwa macho wanafanana kama pacha. Watafiti walipotumia DNA kuwatenganisha, picha ikabadilika: anayeeneza kichocho cha mkojo kisiwani ni globosus, na anapatikana zaidi upande wa kaskazini. Nasutus wa Unguja hasambazi. Sasa fikiria una bajeti ndogo ya kupambana na kichocho na hujui nani ni nani. Utamwaga dawa kwenye madimbwi yasiyo na shida, halafu watoto wa kule kwingine waendelee kukojoa damu.

Tusidhani hayo ni ya pwani peke yake. Shuka upande wa pili wa Mlima Kenya hadi Mwea, Kirinyaga, kwenye mashamba ya mpunga. Kule kichocho cha tumbo kimesumbua watu miaka mingi, na anayekibeba ni Biomphalaria pfeifferi. Huyu ni huntha, yaani ana viungo vya kiume na vya kike kwa mwili mmoja, na anaweza kujitungisha mimba mwenyewe. Kwa hivyo ukiua konokono wote mferejini ukamwacha mmoja tu, huyo mmoja anaanzisha kijiji upya.

Na kiangazi chetu? Wengi wanaamini silanga ikikauka kila kitu ndani kimekufa. Hapana. Bulinus wanajua kujificha kwenye tope, wanapunguza mwendo wa mwili na kungoja. Mvua ikinyesha, silanga ikijaa, wanaamka. Zaidi ya hayo, ukame ukibana wafugaji wanapeleka ng'ombe mbali, hadi upande wa msitu wa Mlima Kenya, kwenye chemichemi na nyasi mbichi. Minyoo ya ini inapenda mahali kama hapo. Kwa hivyo kule unakokimbilia kuokoa ng'ombe ndiko anakoweza kuokota ugonjwa atakaorudi nao nyumbani.

Kuna kipimo cha kwanza ambacho hata mimi niliyeacha chuo naweza kukifanya. Chukua gamba kavu, elekeza ncha juu, mdomo ukutazame. Mdomo ukiwa kulia, huenda ni wa kundi la Radix. Ukiwa kushoto, huenda ni Bulinus. Gamba likiwa bapa kama kamba iliyoviringwa, fikiria Biomphalaria. Lakini usianze kujiita profesa. Kuna mgeni anaitwa Physa acuta, asili yake Amerika Kaskazini, naye mdomo wake uko kushoto na hasambazi kichocho. Kipimo hiki kinakuonyesha mlango tu. Jina kamili linataka mtaalamu. Na usiingize mikono mitupu majini kutafuta konokono, maana kichocho kinaingia kupitia ngozi.

Jina likijulikana, maamuzi yanakuwa rahisi. Silanga inaweza kuzungushiwa ua, maji yakatolewa kwa bomba hadi kwenye birika la kunyweshea, ili ng'ombe wasikanyage ukingoni wala kunya majini. Dawa nayo inachaguliwa kwa akili. Albendazole, ambayo wengi wanainunua, kwa dozi ya kutosha inapiga minyoo ya ini iliyokomaa, ila michanga inabaki hai. Triclabendazole inapiga michanga na mikubwa. Daktari wa mifugo ndiye wa kukwambia ipi, kiasi gani na lini. Kumwaga sumu ya konokono silanga nzima ni mambo mengine: niclosamide inaua konokono, lakini inaua na samaki, na ndege wanaokula konokono wasio na hatia wanakosa chakula.

Shida ni kwamba wanaojua majina haya ni wachache. Bernard Verdcourt, aliyeorodhesha konokono wengi wa Afrika Mashariki, kazi yake ya mshahara ilikuwa mimea. Alifanya kazi kwenye hifadhi ya mimea Nairobi, na konokono akawasoma kando. Maktaba za magamba zipo, Makumbusho ya Kitaifa Nairobi ikiwemo. Macho ya kuangalia silanga za Mukogodo kila msimu ndiyo yamekosekana.

Hayo macho yanaweza kuwa yako. Kijana wa Doldol anayechunga jioni anajua ni silanga gani hukauka mwisho, ng'ombe gani walinywa wapi, na nani kati yao alikonda. Akiongeza picha safi ya gamba, tarehe na jina la mahali, daktari wa mifugo ana pa kuanzia. Ini la ng'ombe wa baba yako lina bei, na konokono anayeliharibu ana jina. Wenye kulijua wakiongezeka, mkaguzi atatupa maini machache.