Lugha ya Ushawishi: Somo Lililo Nje ya Lango la Shule

Mwanafunzi wa Timboroa husikia lugha ya ushawishi kabla ya kengele ya asubuhi kulia. Kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, makanga anaita, "Kiti kimoja tu, tunaondoka sasa hivi!" huku matatu ikiwa nusu tupu. Wengi hucheka tu. Abiria atachelewa kidogo, lakini Burnt Forest atafika.

Shambani mambo ni mengine. Dalali wa viazi anapokuja wakati wa mavuno, huanza na habari mbaya: soko la Nairobi limejaa, bei imeporomoka, lori lina nafasi chache. Kisha huja fadhili: "Kwa sababu ni wewe, mama, nitachukua." Kwanza hofu, halafu haraka, mwisho undugu. Mkulima akiwa bado anashukuru, gunia linaongezwa kofia na kuwa lumbesi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Tuseme bei ni shilingi 2,000: gunia la kilo 50 humpa mkulima shilingi 40 kwa kilo, na lumbesi ya kilo 80 humpa shilingi 25. Neno lililotumika ni lilelile, "gunia", na pengine hiyo ndiyo karo iliyopungua.

Shule za sekondari hufundisha sajili, ikiwemo ya biashara, chini ya isimujamii. Tatizo ni kwamba somo mara nyingi huishia kwenye kukariri sifa: huchanganya ndimi, hutumia chuku, hushawishi. Alama zinapatikana, na mtoto huyohuyo anaenda nyumbani bila kuambua lolote katika maneno ya dalali. Mtaala wa umilisi nao unataka ufikiriaji wa kina, na hapa hauhitaji kitabu kipya. Mwalimu anaweza kuwaomba wanafunzi waandike maneno waliyoyasikia siku ya soko, kisha waulize: anayesema anataka nini, na ni neno gani linaloweza kupimwa? "Tamu" halipimiki. "Kilo 50" zinapimika.

Zoezi hilo linafaa pia kwa simu ya mzazi. Ujumbe wa "nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie haraka, mtoto yuko hospitali" hutegemea hofu na haraka zilezile. Ujumbe halisi wa M-PESA huja kwa jina MPESA, si kwa nambari ya mtu binafsi, na salio ndilo la kuangaliwa kabla ya kurudisha chochote.

Si kila ushawishi ni ulaghai. Mhudumu wa afya anayemsihi mzazi apeleke mtoto chanjo anashawishi pia, na matangazo ya kaunti vilevile. Nayo yaulizwe maswali hayohayo.

Mkulima anayelazimishwa kujaza lumbesi anaombwa kuripoti kwa afisa wa kilimo wa wadi yake kabla lori halijaondoka.