Mathias Mnyampala: Mlei Aliyeiweka Enjili Katika Utenzi

Katika makala hii tunakusudia kumtazama Mathias E. Mnyampala kama mwandishi wa ibada. Wengi wetu tulimfahamu shuleni kwa ngonjera zake. Wachache wanajua kwamba mlei huyu Mkatoliki alizitungia Injili na Zaburi tenzi za Kiswahili. Twaamini kazi yake inamhusu pia mchungaji wa Kilutheri anayetumika Ifakara na katika Bonde la Kilombero.

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, Dodoma, miongoni mwa Wagogo. Elimu aliyoipata katika shule ya misheni ilikuwa ndogo. Nyingine aliichuma mwenyewe kwa kusoma. Alitumika serikalini hata akawa hakimu, na baadaye akakiongoza chama cha washairi, UKUTA. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Utenzi wa Enjili Takatifu ulitoka mwaka 1963 katika mitambo ya misheni ya Ndanda, na Utenzi wa Zaburi ukafuata mwaka 1965. Alifariki mwaka 1969.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni chombo alichokichagua. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake, wala utenzi haukuwa mali ya watu wa bara. Uliletwa na washairi Waislamu wa pwani, ambao walikuwa wakiutumia tangu karne ya 18, au kabla yake, kusimulia habari za mitume na vita vya dini. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane. Vitatu vya kwanza hulingana kina. Cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Kwa hiyo hata asiyejua kusoma huweza kuukariri. Mnyampala alijifunza chombo hicho, akakitia habari za Kristo. Hakungoja umbo la Kikristo liletwe kutoka Ulaya.

Jambo la pili linatugusa sisi Walutheri. Mwaka 1524 Luther alitoa nyimbo za Kijerumani, nyingine zikiwa zaburi zilizofanywa tenzi, ili watu wa kawaida waimbe Neno nyumbani mwao. Mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo kwa maswali na majibu. Ngonjera nazo ni majibizano. Hatusemi kwamba Mnyampala alimfuata Luther, twasema haja ni moja, yaani Neno likae kinywani mwa watu (Kol. 3:16).

Hata hivyo, yatupasa kusoma kwa uangalifu. Utenzi si Maandiko. Kina huweza kumlazimisha mtunzi achague neno lisilo sahihi, na mshairi aliyezoea kuonya huweza kuegemea Sheria. Mnyampala mwenyewe alikiita kitabu chake kimoja Waadhi wa Ushairi. Basi tuulize juu ya kila utungo: je, unatuamuru tu, au unatutangazia pia aliyoyatenda Kristo kwa ajili yetu?

Swali hilo halimhusu Mnyampala peke yake. Katika sharika za bonde hili hukutana Wandamba, Wapogoro, Wabena na wengi waliohamia, nao Kiswahili huwaunganisha. Walimu wa kwaya wasiopitia chuo chochote hutunga nyimbo, na mara nyingi washarika hurudi nyumbani na maneno ya wimbo kuliko ya mahubiri. Maana yake, watunzi hawa ni walimu wa imani, tuwatambue tusiwatambue. Lakini mtunzi anapofariki, daftari lake huliwa na mchwa au huchukuliwa na maji ya masika, na kama lilikuwa na kosa la mafundisho, kosa hilo hubaki likiimbwa.

Hivyo twawasihi wachungaji na wanafunzi wa theolojia: waulizeni watunzi wa usharika wenu, nakilini tungo zao kwa idhini yao na kwa majina yao, keti nao, Biblia ikiwa wazi, mzipime pamoja. Asiyesoma chuoni si lazima awe hana la kutufundisha. Aliyesoma naye hakupewa elimu ili anyamazishe kinywa cha ndugu yake, bali amsaidie kumwimbia Bwana kwa usahihi zaidi.