Njaa ya tumbo na njaa ya moyo haziko moja

Boga, katika teritware ya Irumu, mtu akinenepa wanamsifu: «Unanona, pesa iko!» Akikonda, wanaanza kunong'ona: «Iko na ugonjwa gani?» Ndiyo maana mama anayetaka kupunguza kilo juu ya tansio anabeba mizigo miwili: ule wa mwili, na ule wa midomo ya watu.

Tena iko kitu yenye watu hawasemi sana: kula juu moyo unauma.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, Boga na Tchabi zilishambuliwa, watu zaidi ya 50 wakauawa. Wengi walikimbia mikono mitupu. Mtu aliyelala njaa njiani, siku anapata sahani ya bugali, anakula kama vile kesho haiko. Mwili wake hauna kosa; umejifunza woga. Shida ni pale woga unabaki, hata wakati chakula kimerudi nyumbani.

Kwenye machimbo iko namna yake. Mchimbaji anashinda ndani ya shimo na chai na mandazi. Jioni zahabu ikipimwa, ni nyama ya kuchoma, bugali na Primus. Siku shimo halikutoa kitu, ni pombe ileile, sasa ya kusahau. Na kule nyumbani bibi yake anangojea simu yenye hailii. Anakula andazi moja, la pili, la tatu, na tumbo limeshiba tangu saa moja ya jioni.

Ni nini inapita ndani ya mwili? Mtu akikaa na mashaka siku nyingi, mwili unatoa homoni inayoitwa kotizoli. Hiyo inaamsha hamu ya kula, zaidi vitu vya sukari na mafuta. Kwa dakika kidogo moyo unatulia. Kisha huzuni inarudi, na safari hii imeleta haya. Haya nayo inarudisha mkono kwenye sahani.

Namna ya kuzitofautisha ni hii. Njaa ya tumbo inakuja polepole na inakubali chakula chochote. Njaa ya moyo inakuja mara moja, inataka kitu kimoja tu, na haisikii shibe. Jiulize: «Wakinipa sasa mihogo na sombe, nitakula?» Kama jibu ni hapana, tumbo haliombi kitu. Kunywa maji, ngoja dakika 10, enda kwa jirani muzungumze, ao lia kama machozi yako karibu. Na siku njaa ya moyo imekushinda, usijiazibu kwa kukaa bila kula kesho yake. Anayeshinda njaa mchana, usiku anakula mara mbili. Kula saa yako ya kawaida, endelea na kazi.

Ukitaka kuanza mahali pepesi, anza na chupa. Sukre moja ya sentilita 35 inaweza kuwa na gramu 35 hivi za sukari. OMS inasema mtu mzima asipite karibu gramu 50 kwa siku, na ni vizuri zaidi abaki chini ya 25. Tena si lazima uwe mwembamba. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 5 mpaka 9, polepole, mara nyingi tansio na sukari ya damu vinashuka.

Angalisho moja kwa wale wanaonunua vidonge vya kunenepesha sokoni bila munganga. Deksametazoni, ile wanaita «dexa», inaongeza njaa, inajaza maji mwilini, inapandisha sukari na tansio. Kama umeitumia siku nyingi, usiache mara moja, maana mwili unaweza kuanguka. Enda hopitali, munganga akupunguzishie kidogo kidogo.

Kujikubali si kukata tamaa. Mchimbaji hatukani nyundo yake; mpini ukilegea, anautengeneza. Vilevile mwili uliokimbia na mtoto mgongoni na godoro kichwani haustahili matusi mbele ya kioo. Mtu anatunza kile anachoheshimu, na anayejichukia anachoka mbio kujitunza.

Na sisi wengine, tuchunge midomo. Kama mtu anapungua bila kutaka, ana kiu sana na anakojoa kila mara, mwambie kwa siri aende kupimwa sukari. Kama anapungua kwa kutaka, usimtafutie ugonjwa. Na kama ni bibi yako, wewe uliye kwenye machimbo, piga simu jioni hata kama shimo halikutoa kitu. Muulize kama analala vizuri. Mambo ya kilo yatafuata nyuma.