Mfumo wa kumbukumbu: uliza bei ya kutoka kabla ya kuingia

MALI bila daftari huisha bila habari. Wafanyabiashara wanaujua msemo huo tangu enzi za leja zenye jalada gumu, na hakuna anayeupinga. Kinachowapa taabu sasa ni aina ya daftari. Biashara iliyoanza na duka moja la vipuri Kariakoo, ikafungua tawi Mwanza na jingine Mbeya, haiwezi tena kujua kilichomo stoo kwa kupiga simu kila jioni. Inahitaji mfumo mmoja wa kompyuta utakaoshika mauzo, mali, madeni ya wateja, mishahara na kodi, na kila tawi lisome takwimu zile zile.

Mifumo hiyo ni mingi sokoni na wauzaji wake wana maneno matamu. Wanunuzi wengi hulinganisha bei za leseni, wakatazama jinsi skrini inavyopendeza, kisha wakatia sahihi. Hata hivyo, uzoefu wa makampuni yaliyotangulia unaonyesha kuwa hasara kubwa hutoka mahali pengine: kwenye mfumo usiolingana na namna biashara inavyoendeshwa, na kwenye gharama ya kuuhama inapobidi.

MAKUNDI MANNE SOKONI

Kwa ujumla mnunuzi atakutana na makundi manne. La kwanza ni majedwali ya Excel, ambayo karibu kila ofisi inayo. Jedwali ni jepesi na halihitaji fundi, lakini halikukusudiwa kuwa ghala la kumbukumbu za kampuni nzima. Ukurasa mmoja wa Excel unabeba mistari 1,048,576, na faili za aina ya zamani, zile za kabla ya toleo la 2007, zinaishia mistari 65,536. Mwaka 2020 idara ya afya ya umma ya England ilichelewa kwa siku kadhaa kuhesabu watu 15,841 waliokutwa na korona, kwa sababu faili za aina hiyo ya zamani zilijaa na mistari iliyozidi ikaachwa nje. Kama hayo yaliipata idara ya serikali katika nchi tajiri, mwenye stoo ya vipuri asijidanganye.

Kundi la pili ni programu za uhasibu zilizo tayari, kama Tally ya India na QuickBooks ya Marekani. Faida yake ni kwamba wahasibu wengi wamezizoea na bei yake inavumilika. Kwa biashara nyingi za kati zinatosha. Mwenye kiwanda, au mwenye matawi yanayouziana mali kwa bei tofauti, ahakikishe kwanza kuwa toleo analouziwa linamudu kazi hiyo.

La tatu ni mifumo mikubwa inayounganisha idara zote: SAP ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM, Oracle ya Marekani, iliyoanza mwaka 1977, na Dynamics 365 ya Microsoft. Uwezo wake hauna ubishi. Lakini leseni ni sehemu tu ya gharama, kwani washauri wa kuufunga mfumo, kuhamisha kumbukumbu za zamani na kufundisha wafanyakazi wanaweza kuchukua fedha nyingi kuliko leseni yenyewe.

La nne ni programu huria. PostgreSQL na MariaDB ni hifadhi za data ambazo mtu hazilipii leseni. Juu yake zimejengwa programu za biashara kama Odoo ya Ubelgiji, yenye toleo la bure na la kulipia, na ERPNext ya India. Hapa kinachotolewa bure ni leseni. Kazi ya fundi inalipwa kama kawaida, na fundi akiondoka bila kuacha maelezo, mwenye mali hubaki na mtambo asioujua.

STOO NA KAUNTA

Mnunuzi atenganishe vitu viwili ambavyo wauzaji hupenda kuvifunga katika furushi moja. Programu anayoiona karani ni kaunta. Hifadhi ya data iliyo nyuma yake ni stoo. Kaunta inaweza kupakwa rangi mpya kila mwaka, lakini mali iko stoo.

Habari njema ni kwamba stoo nyingi zimejengwa kwa ramani inayofanana. Mwaka 1970 mtaalamu wa IBM, Edgar Codd, alipendekeza kumbukumbu zipangwe katika majedwali yanayohusiana, na kutokana na wazo hilo ikatokea lugha ya SQL, ambayo Oracle, SQL Server ya Microsoft, PostgreSQL na MariaDB zote zinaielewa kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo muuzaji anayedai kuwa data za mteja haziwezi kutolewa katika mfumo wake, mara nyingi ana sababu ya kibiashara kuliko ya kitaalamu.

MSIMU MBAYA NA DESTURI YA STOO

Makampuni mawili makubwa yametoa somo kwa gharama zao wenyewe. La kwanza ni Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani. Julai 1999 kampuni hiyo iliwasha mifumo mipya kwa mpigo, ukiwamo wa SAP, msimu wa Halloween na Krismasi ukiwa mlangoni. Kazi iliyopendekezwa ichukue miezi 48 ilibanwa iwe miezi 30. Peremende zilikuwapo ghalani, lakini maagizo hayakupita. Mauzo ya takriban dola milioni 100 yalikwama, na faida ya robo ya tatu ya mwaka ikashuka kwa asilimia 19.

La pili ni Lidl, yenye maduka ya vyakula Ulaya. Mwaka 2011 ilianza kujenga mfumo mpya juu ya programu ya SAP, na Julai 2018 ikaachana nao. Vyombo vya habari vya Ujerumani vilikadiria fedha zilizotumika kuwa euro milioni 500 hivi. Kikwazo kimoja kilichotajwa ni cha kawaida kabisa kwa mwenye duka yeyote: Lidl huthamini mali iliyoko stoo kwa bei ya kununulia, wakati mfumo ulitegemea bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kuacha desturi yake, ikaagiza mfumo ndio ubadilishwe, na kila badiliko likahitaji jingine.

Mfanyabiashara wa hapa hana milioni 500 za kupoteza, lakini tatizo linamhusu. Chukua mfano wa mwenye stoo anayetoa mali kauli kwa wateja wa mikoani, ambao hulipa kidogo kidogo kwa simu na kurudisha kisichouzwa. Mfumo uliotengenezwa kwa wateja wanaolipa ankara nzima kwa mara moja utamlazimisha karani kuandika malipo hayo pembeni, katika daftari. Baada ya miezi mitatu kampuni itakuwa na hesabu mbili zisizolingana, na hapo ndipo mali huanza kuisha bila habari.

Dawa ni kumpa muuzaji kazi halisi kabla ya kulipa. Mnunuzi achukue miamala ya wiki moja, ikiwamo mali iliyorudishwa, punguzo, deni lililolipwa nusu na mzigo uliopotea njiani, kisha aombe yote yaingizwe mbele yake. Aidha, tarehe ya kuwasha mfumo ichaguliwe kwa kufuata msimu. Mwenye duka la nguo asiwashe mfumo mpya kuelekea Idi, wala muuza madaftari na sare asifanye hivyo Desemba shule zikikaribia kufunguliwa.

BEI YA KUTOKA

Kila mfumo una siku yake ya mwisho, hata kama mnunuzi ameridhika nao. SAP imetangaza kuwa huduma ya kawaida kwa matoleo ya karibuni ya mfumo wake wa zamani, ECC 6.0, itafikia kikomo mwishoni mwa 2027. Atakayetaka kuongezewa hadi 2030 atalipa zaidi. Intuit, wenye QuickBooks, waliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo ya Desktop Pro Plus na Premier Plus baada ya Septemba 30, 2024. Wateja hao hawakuulizwa kama wako tayari.

Programu huria nazo huuzwa na kununuliwa, ila mlango wake hufungwa kwa taabu. MySQL, hifadhi ya data iliyotoka Sweden mwaka 1995, ilinunuliwa na Sun mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni moja, na mwaka 2010 Sun yenyewe ikaingia mikononi mwa Oracle. Mmoja wa waanzilishi wake, Michael Widenius, alikuwa amekwisha kuchukua nakala na kuiendeleza kwa jina la MariaDB. Leseni iliruhusu hilo, na wateja wakapata pa kwenda.

Kuhama mfumo mkubwa ni jambo jingine. Halmashauri ya jiji la Birmingham, Uingereza, ilihama kutoka SAP kwenda Oracle mwezi Aprili 2022 kwa bajeti ya awali ya pauni milioni 19. Mwaka uliofuata ilikiri kuwa gharama zingeweza kufikia pauni milioni 100, huku hesabu zake zikiwa zimevurugika.

Kwa sababu hiyo mkataba useme wazi mambo matatu: kwamba data ni mali ya mteja, kwamba anaweza kuzitoa zote wakati wowote katika faili la kawaida linalosomeka na programu nyingine, na kiasi gani, kama kipo, atalipia kazi hiyo. Ahadi ya mdomo isikubaliwe. Faili litolewe siku ya majaribio na lifunguliwe kwenye kompyuta nyingine.

OFISINI AU KWENYE 'WINGU'?

Swali linalofuata ni mahali pa kuweka stoo. Seva ya ofisini hufanya kazi hata intaneti ikikatika, lakini inataka umeme wa uhakika, ulinzi na nakala inayotunzwa jengo jingine. Kukodi nafasi kwenye kompyuta za wengine kupitia intaneti, huduma inayoitwa 'wingu', kunaondoa mzigo wa mashine, lakini kunaongeza utegemezi. Microsoft, Amazon na Google wana vituo Afrika Kusini. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Duka lililoshindwa kutoa stakabadhi siku hiyo lilijifunza kuuliza kama kaunta inaweza kuendelea kuuza bila mtandao.

Sheria nayo ina neno. Kenya ilipitisha sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Zote zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Majina na namba za simu za wadaiwa ni taarifa hizo hizo, hivyo muuzaji aseme data zitakaa nchi gani.

HESABU YA MIAKA MITANO

Bei ya mwezi hudanganya, na hapa hesabu ya mfano inasaidia. Tuseme mtoa huduma wa nje anatoza dola 25 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, na kampuni ina watumiaji 12. Hiyo ni dola 300 kwa mwezi, na dola 18,000 kwa miaka mitano. Dola ikiwa Sh 2,400, jumla ni Sh milioni 43.2. Dola ikipanda hadi Sh 2,700, jumla inafika Sh milioni 48.6. Tofauti ya Sh milioni 5.4 imeletwa na soko la fedha tu, bila kuongeza karani hata mmoja.

Upande wa pili uwekwe seva ya Sh milioni 9, betri na vifaa vya umeme vya Sh milioni 3, na fundi wa Sh 400,000 kwa mwezi. Jumla kwa miaka mitano ni Sh milioni 36. Inaonekana nafuu, lakini seva ikiibiwa na nakala haipo, unafuu huo unageuka hasara ya kampuni nzima. Ndiyo maana kila ulinganisho uwe na mistari mitano: kuingia, kutumia, kufundisha, kutunza nakala, na kutoka.

MWENYE HISA AANGALIE NINI

Mwekezaji mdogo hachagui mfumo, lakini faida yake huguswa nao. Kampuni inapotangaza mfumo mpya, afungue taarifa ya mwaka na kutazama kama fedha zilizotengwa zinaongezeka mwaka hadi mwaka, tarehe ya kuwasha imeahirishwa mara ngapi, na kama tarehe hiyo imeangukia msimu wa mauzo makubwa. Katika mkutano mkuu ana haki ya kuuliza. Wenye hisa wa Hershey walipata majibu wakati robo ya mwaka imekwisha kuharibika.

Kwa mwenye duka, mahali pa kuanzia hapana gharama. Kabla ya kumwita muuzaji yeyote, ahesabu mali iliyoko stoo, aorodheshe wadaiwa wote, na aondoe majina yaliyoandikwa mara mbili. Kumbukumbu chafu zikihamishiwa kwenye mfumo wa gharama zinabaki chafu, na karani atazisoma kwa kasi zaidi tu.